Breki ya Mkono: Namna ya Kutengeneza Nyaya Zake Mahali Penye Nafasi Finyu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, palizi, uchumaji na uanikaji. Leo twapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho hakioti shambani, lakini bila ya hicho karafuu zetu haziwezi kufika kituoni kwa salama. Kitu hicho ni breki ya mkono ya gari.

Kisiwa chetu cha Pemba si tambarare. Mtu akitoka bandarini Mkoani huanza kupanda mara moja, na mashamba yetu mengi yako juu ya vilima na kando ya mabonde. Gari ya kuchukua karafuu husimama mara nyingi mahali pa mteremko, kwa kuwa hapana mahali pengine pa kusimama. Kila mmoja wetu ameona mambo yanavyokuwa hapo. Gari ikisimama tu, utingo huruka na jiwe mkononi akakimbilia nyuma ya gurudumu. Watu wamelizoea jambo hili hata wakalihesabu kuwa ndiyo kazi yake.

Lakini na tufikiri kidogo. Wakati ule anapoinama kuweka jiwe, kijana huyo yuko nyuma ya gari yenye shehena, na kitu pekee kinachoizuia gari ni mguu wa dereva juu ya pedeli. Mguu ukiteleza, au mafuta ya breki yakivuja, hana pa kukimbilia.

Tutoe mfano wa hesabu. Gari tupu yenye uzito wa kilo 1,200 imepakiwa magunia 16 ya karafuu kavu, kila gunia kilo 50. Shehena ni kilo 800, na jumla ni kilo 2,000. Gari hiyo ikisimama juu ya mwinuko unaopanda mita 1 katika kila mita 10 za njia, nguvu inayoivuta kurudi chini ni karibu sawa na uzito wa kilo 200, yaani magunia manne. Hapana mtu awezaye kuzuia nguvu kama hiyo kwa kifua chake. Na huko chini ya kilima, mara nyingi, ndipo yalipotandikwa majamvi, na akina mama na watoto wamekaa wakichambua karafuu na makonyo.

Kwa hiyo breki ya mkono si pambo, wala jiwe si badala yake. Jiwe ni msaidizi mzuri, lakini lazima breki iwe imeshika kwanza ndipo mtu aende nyuma ya gari. Maelezo yafuatayo hayakusudii kumfanya kila mwanachama kuwa fundi. Twataka mwenye gari ajue ugonjwa uko wapi, ili aweze kuutengeneza mwenyewe akiwa na uwezo, au aweze kumsimamia fundi na kujua kazi imefanywa sawasawa au haikufanywa.

BREKI HII INAVYOFANYA KAZI

Tutazungumza juu ya gari ndogo za mizigo zenye dramu katika magurudumu ya nyuma, kwa kuwa hizo ndizo nyingi katika kazi yetu. Land Rover za zamani zina dramu moja nyuma ya giaboksi, nayo huishika shafti. Na gari nyingine za siku hizi zina kitufe cha umeme. Hizo zina njia zake nyingine.

Breki ya mguu hufanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba membamba. Breki ya mkono haitumii mafuta hayo hata kidogo, hutumia nyaya tu. Imefanywa hivyo makusudi, ili mafuta yakipotea gari isikose kitu cha kuizuia.

Dereva akivuta mkono wa breki, waya wa mbele huvutika. Waya huo umefungwa katika kipande cha chuma kilicho chini ya gari, nacho tutakiita kisawazisho, kwa sababu kazi yake ni kugawa nguvu sawasawa baina ya nyaya mbili za nyuma, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Kila waya huenda mpaka kwenye gurudumu lake, ukapita katika tundu la bamba la chuma lililo nyuma ya dramu, ukakamata kiwiko kilichomo ndani. Kiwiko kikivutwa, hutanua viatu vya breki, navyo hugandamana na dramu.

Waya wenyewe ni nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa pamoja kama kamba, nao hupita ndani ya ala. Ala ni chuma kilichozungushwa kama springi kisha kikafunikwa kwa mpira au plastiki. Waya wa namna hii, uwezao kuvuta hata ukipinda kona, ulisajiliwa Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, na baisikeli nyingi zautumia mpaka leo. Ubora wake ni kuwa hupita mahali ambapo chuma kilichonyooka hakiwezi kupita. Ubaya wake ni huo huo: umejificha, na hatuuoni unapooza.

SABABU ZA UGONJWA

Adui mkubwa ni maji. Penye mwisho wa ala pana kofia ndogo ya mpira. Kofia hiyo ikipasuka, maji ya mvua na tope huingia, yakashuka mpaka pale ala inapopinda chini, yakakaa hapo. Chuma kikipata kutu huvimba, na waya hushikamana na ala. Chumvi huharakisha mambo haya, na sisi twakaa kisiwani ambako hata upepo una chumvi. Mwenye kuiosha gari yake kwa maji ya bahari, au kuiingiza ufukweni majini kupakia mizigo, naye ajue kuwa anazila nyaya zake kidogo kidogo.

Adui wa pili ni kutotumiwa. Madereva wengine wakiona breki ya mkono ni dhaifu huiacha kabisa, wakategemea gia na jiwe. Kumbe waya usiovutwa ndio unaoshikwa na kutu upesi. Waya unaovutwa kila siku hujisugua na kujisafisha.

Adui wa tatu ni moto wa bomba la moshi. Ala ikilala juu ya bomba hilo, plastiki yake huyeyuka, kisha maji hupata njia.

KUUJUA UGONJWA KABLA YA KUTIBU

Kosa lionekanalo mara nyingi ni hili: breki haishiki, basi mtu hukimbilia kukaza nati ya waya. Siku ile hushika, na mwenye gari akafurahi. Baada ya wiki mbili mambo yamerudi pale pale, au yamezidi. Yafaa kwanza kutazama dalili.

1. Mkono wapanda juu sana, meno kumi au zaidi, na gari bado yateleza. Aghalabu hapa waya ni mzima, lakini viatu vya breki vimeliwa au viko mbali na dramu. Dawa ni kutengeneza viatu.

2. Mkono wapanda mwepesi kama hauna kitu. Waya umekatika, au umechomoka mahali ulipofungwa.

3. Mkono ni mzito na haupandi. Waya umeganda ndani ya ala.

4. Mkono umeshushwa, lakini gurudumu ni zito kuzunguka, dramu ni ya moto, na harufu ya kuungua yasikika. Waya ulivutwa ukakataa kurudi. Usiendelee na safari katika hali hii. Joto la dramu laweza kuchemsha mafuta ya breki ya mguu, na yakichemka pedeli hushuka mpaka chini bila ya kushika kitu. Hapo breki zote mbili zimepotea kwa pamoja.

5. Gurudumu moja lashika na la pili halishiki. Waya mmoja ni mgonjwa, au viatu vya upande huo vimelowa mafuta. Viatu vilivyolowa mafuta au grisi havishiki hata waya ukiwa mpya. Lazima vibadilishwe, na mahali panapovuja pazibwe.

Ukitaka kuwa na hakika, gari ikiwa imezuiwa kama tutakavyoeleza, zitoe nyaya mbili za nyuma katika kisawazisho, uvute kila mmoja kwa koleo. Waya mzima huja kwa ulaini, na ukiuachia hurudi wenyewe kwa nguvu ya springi ya ndani ya dramu. Usiokuja, au ujao kisha ukabaki, ndio mgonjwa.

KABLA YA KUINGIA CHINI YA GARI

Hapa twawaomba wanachama wasome polepole, kwa kuwa mtu anaweza kununua waya mwingine lakini hawezi kununua kifua kingine.

Tafuta mahali sawa na pagumu. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni laini, na jeki huzama. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki. Gari iwe tupu, na bomba la moshi liwe limepoa.

Tia kabari katika magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila moja. Jambo hili wengi hulisahau: ukiinua magurudumu ya nyuma, breki ya mkono haina kazi tena, na katika gari zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia nayo haizuii kitu. Ni hivyo hata ukiinua gurudumu moja tu. Kilichobaki ni kabari za mbele peke yake. Basi zisiwe vijiwe vya mviringo vilivyookotwa njiani, bali mbao nene zilizokatwa kwa mshazari.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kukalia. Gari ikisha kuinuka, ishushe juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya chasisi au ekseli. Asiyekuwa na stendi na apange vipande vya mbao nene kwa kupishana, viwili hivi na viwili hivi, mpaka vifike. Usitumie matofali ya saruji yenye matundu, wala mawe ya matumbawe. Vitu hivyo hupasuka kwa ghafula bila ya kutoa ishara. Magurudumu uliyoyafungua yalaze chini ya chasisi karibu na mahali utakapokuwa, ili jambo likitokea, gari ikae juu ya gurudumu na si juu yako. Kisha itikise gari kwa mikono miwili kabla ya kuingia. Ikicheza, panga upya.

Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu wa kuvuta mkono wa breki, wa kukupa spana, na wa kukuita.

VYOMBO

Spana za milimita 10, 12, 13 na 14, za kichwa wazi na za kichwa cha duara, koleo mbili, moja ikiwa na mdomo mwembamba, bisibisi bapa, burashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu, tochi, kioo kidogo cha kunyolea, na kamba nyembamba ya nailoni yenye urefu wa mita tatu au nne. Usitumie taa ya moto, wala mtu asivute sigara, kwa kuwa utakuwa karibu na tangi la petroli.

KUUTOA WAYA WA ZAMANI

Jioni ya siku ya kwanza, piga burashi na kutia mafuta ya kulegezea kutu katika nati zote utakazozifungua. Mafuta yanayolala usiku kucha hufanya kazi ambayo nguvu za mkono haziwezi kuifanya.

Asubuhi anza ndani ya gari, si chini. Shusha mkono wa breki kabisa, kisha ilegeze nati yake ya kurekebishia mpaka karibu na mwisho wa uzi. Katika gari nyingine nati hii iko penye mkono wenyewe, katika nyingine iko penye kisawazisho. Mtu asiyefanya hivi atapigana na waya uliokazwa, na huko chini hana nafasi ya kupigana.

Fungua dramu ya upande mmoja tu. Wa pili uache uwe kiolezo chako, maana springi na vipande vya ndani ni vingi, na mtu husahau kipi kilikaa wapi. Siku hizi wengi tuna simu zenye kamera. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Dramu ikikataa kutoka, tazama uso wake: dramu nyingi zina matundu mawili madogo yenye uzi. Tia bolti mbili za kiasi hicho, uzikaze kwa zamu kidogo kidogo, nazo zitaisukuma dramu itoke. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vingi vya zamani vilifanywa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa ukifukie.

Ndani ya dramu, isukume nyuma springi ndogo ya waya kwa koleo yenye mdomo mwembamba, na ukichwa cha waya kichomoe katika kiwiko. Sasa umefika mahali pa kwanza penye taabu. Ala imeshikwa katika tundu la bamba kwa vijimeno vya chuma vilivyotanuka, kama vijiti vya mwavuli. Lazima vyote vibanwe kwa wakati mmoja, na koleo hubana viwili tu. Njia nyepesi ni hii: chukua spana ya kichwa cha duara inayolingana, aghalabu ya milimita 12 au 13, uipitishe juu ya ncha ya waya, uisukume mpaka ivifunike vijimeno vyote. Spana itavibana vyote pamoja, na ala itatoka ukiivuta kwa nyuma. Kazi iliyokuwa ya saa nzima huwa ya dakika moja.

Mahali pa pili ni penye vibanio vinavyoishikilia ala katika chasisi. Vingine viko kati ya chasisi na tangi la petroli, ambako mkono huingia lakini jicho haliingii. Funga kioo katika kijiti, kiingize, na umulike kwa tochi, utaiona nati. Nati yenye kutu usianze kwa kuilegeza. Ikaze kwanza kidogo mno, mpaka uisikie imetikisika, ndipo uilegeze, kisha ukaze, kisha ulegeze. Bolti ikikatika huko juu ya tangi, kuitoa itakuwa kazi nyingine kabisa. Ikiwa hapana budi kulishusha tangi, lishushe likiwa karibu tupu, na petroli iliyotolewa iwekwe mbali katika chombo chenye kifuniko.

Kabla ya kuuvuta waya wa zamani utoke, fanya jambo moja ambalo litakuokoa. Funga kamba ya nailoni katika ncha yake, ufunge na utepe juu yake ili isikwame. Halafu vuta. Waya wa zamani utatoka, na kamba itabaki mahali pake, ikiwa imepita njia ile ile ya juu ya tangi na nyuma ya springi. Hiyo ndiyo itakayouvuta waya mpya. Asiyetumia kamba hukaa nusu ya siku akipapasa gizani kutafuta njia.

KUUTIA WAYA MPYA

Ulaze waya mpya chini sambamba na wa zamani. Tazama urefu wa waya, urefu wa ala, ncha zote mbili, na mahali pa vibanio. Wa kulia na wa kushoto mara nyingi hazilingani. Duka si karibu na mashamba yetu, na heri kulijua kosa kabla ya kuanza kufunga.

Funga ncha ya waya mpya katika kamba, mwenzako avute polepole huku wewe ukiusukuma. Ukikwama usiulazimishe, urudishe kidogo, uuzungushe, na uvute tena. Ukisha kupita, ingiza ala katika bamba mpaka uvisikie vijimeno vikifunguka, kisha uivute kuhakikisha haitoki. Nati ya mahali pasipoonekana itie grisi kidogo ndani ya kichwa cha spana. Grisi itaishika isianguke mpaka ikamate uzi.

Hakikisha ala haigusi bomba la moshi, haikukunjwa kwa kona kali, wala haikubanwa na springi. Na kumbuka kuwa gari tupu na gari yenye magunia si moja. Springi zikilemewa hushuka, na njia ya waya hubadilika. Mahali panapoonekana wazi gari ikiwa tupu huenda pakasagana ikiwa imejaa. Basi tazama tena baada ya kupakia.

Tukiwa hapa, twapenda kuyataja mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuunga waya uliokatika kwa fundo au kwa kibanio. Fundo haliwezi kupita ndani ya ala, na kibanio huteleza siku ambayo mzigo ni mkubwa, yaani siku ile breki inapohitajiwa zaidi. La pili ni kuuponya kwa mafuta waya ambao nyuzi zake zimeanza kukatika. Waya ulioganda tu, wenye nyuzi nzima, waweza kuokolewa kwa muda: utundike kwa ncha moja, funga kikombe kidogo cha plastiki penye mdomo wa juu wa ala, tia mafuta mepesi, uyaache yashuke usiku kucha huku ukiuvuta mara kwa mara. Lakini hata mmoja wa nyuzi ukiwa umekatika, huo ni wa kutupa.

KUREKEBISHA NA KUJARIBU

Utaratibu ni viatu kwanza, waya baadaye. Rudisha dramu, kisha kwa bisibisi zungusha gurudumu dogo la meno lililomo ndani, kwa kupitia tundu lake, mpaka viatu viguse dramu. Halafu rudisha nyuma meno machache mpaka gurudumu lizunguke huru. Fanya hivyo pande zote mbili. Gari nyingine hujirekebisha zenyewe, lakini hazijui kuwa umefungua. Nazo zataka kuanzishwa kwa mkono.

Ndipo uikaze nati ya waya. Kaza kidogo, vuta mkono wa breki mara kumi kwa nguvu ili waya mpya unyooke, kisha hesabu meno. Kitabu cha gari hutoa hesabu yake. Katika gari nyingi breki hushika vizuri baina ya meno matano na manane. Mkono ukishushwa, magurudumu yote mawili lazima yazunguke bila ya kusugua. Ukivutwa, yote mawili yasizunguke hata ukitumia nguvu. Kisha funga nati ya pili ili ya kwanza isilegee.

Jaribu kwanza juu ya mteremko mdogo, gari tupu, dereva akiwa penye usukani na mguu karibu na pedeli. Pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Jaribu gari ikitazama juu, kisha ikitazama chini, maana breki nyingine hushika vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Baada ya hapo jaribu na mzigo. Baada ya wiki moja hesabu meno tena, kwa kuwa waya mpya hunyooka kidogo.

DESTURI YA KILA SIKU

Dereva anaposimama kilimani, na akanyage breki ya mguu, avute ya mkono, kisha auachie mguu polepole ili gari ikae juu ya breki ya mkono. Akiona imeshika, ndipo atie gia: ya kwanza ikiwa gari yatazama juu, ya kurudi nyuma ikiwa yatazama chini. Ageuze na magurudumu ya mbele, ili gari ikienda iende ukingoni na si njiani. Baada ya yote hayo, na si kabla, utingo ashuke kuweka kabari, naye asimame ubavuni mwa gurudumu, si nyuma ya gari.

Wakati mzuri wa kuzikagua nyaya ni baada ya mvua za masika, ambazo hunyesha baina ya Machi na Mei, kabla ya msimu wa kuchuma haujaanza. Wakati huo gari haina haraka, na fundi naye ana nafasi. Kuvuta kila waya, kutazama kofia za mpira na kuhesabu meno ni kazi ya asubuhi moja.

Wanachama wanaokodi gari za watu wengine nao wana haki ya kuuliza. Kabla ya gunia la kwanza kupakiwa, mwambie dereva avute breki ya mkono mahali penye mwinuko na auachie mguu. Ikishika, pakia. Isiposhika, karafuu zingoje. Karafuu zilizokwisha kukauka vizuri haziharibiki kwa kungoja siku moja, na hazina thamani ya kijana anayesimama nyuma ya gari na jiwe mkononi.